Boti Iliyozinduliwa Mara Tatu

"Dada, yeo nimesikia boti yetu yaondolewa kwa sababu ya mchoro wako. Ni kweli au ni maneno ya watu?"

Mdogo wangu hakunipa hata salamu. Yeye alikuwa Chundwa, kisiwani Pate, kwa mumewe, na mimba ya miezi saba. Mimi nilikuwa Lamu mjini, Amu kama tuitavyo wenyewe, nyumbani kwa mamangu, orofa ya juu, mbele ya kompyuta. Nilimjibu vibaya. Nina hasira za karibu, kila mtu nyumbani ajua, na siku hiyo nilikuwa nimeamka nazo kwa jambo lilo hilo aliloniuliza. Nikamwambia, "Boti haiondolewi na mchoro, yaondolewa na watu."

"Haya," akasema, "na watu hao wameshika nini mkononi?" Akakata simu.

Walikuwa wameshika mchoro wangu. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Mamangu huwaambia wageni kwamba nafanya "kazi ya mtandao", nao hudhani nauza vifuniko vya simu, na nimechoka kuwasahihisha. Wakati ule nilikuwa nachangia maktaba ya programu ya bure. Si maktaba ya vitabu. Ni msimbo ulioandikwa na watu wa nchi mbalimbali ambao hawajaonana, na yeyote mwenye takwimu zake huuchukua akauliza: jambo hili limesababisha lile, au yamekutana tu? Sehemu niliyopewa kuongeza ni ya kuchunguza tukio. Wachukua mwezi ambao jambo lilianza, wauita sifuri. Miezi ya kabla na ya baada, kila mmoja waupa nukta yake. Nukta za kabla zikilala na za baada zikapanda, pengine jambo lile limefanya kazi. Za kabla zikianza kupanda zenyewe, nyamaza, kuna kitu kingine hapo. Na kila nukta ina fimbo, juu na chini, ya kuonyesha shaka. Fimbo ikiwa fupi, una hakika. Ikiwa ndefu hata ikavuka mstari wa chini, ule wa "hakuna kilichobadilika", huna.

Msimamizi wa maktaba, mwanamume wa ng'ambo niliyewasiliana naye kwa maandishi tu, alitaka mfano wa kweli, wenye mahali kadhaa palipoanza kwa nyakati tofauti. Mfano ulikuwa kwetu. Wafadhili walikuwa wametoa boti za wagonjwa kwa Matondoni, Chundwa na Mkokoni, za kuwakimbiza waja wazito hospitali ya Amu. Mwenyekiti wa kamati ya boti, rafiki wa marehemu babangu, alinipa takwimu kwa moyo mkunjufu: kila mwezi, wanawake wangapi wa kila kijiji walizalia hospitali, pamoja na tarehe za uzinduzi. Mchoro wa kwanza ulipotoka akauomba, nikampelekea, nikamwandikia kwamba ni wa majaribio. Neno "majaribio" likapotea njiani, mchoro ukafika kwa wafadhili.

Na mchoro ule ulisema nini? Mkokoni, nukta zilipanda kabla ya boti kuzinduliwa. Chundwa, boti ilizinduliwa na nukta zikabaki zimelala, mwezi baada ya mwezi. Wafadhili wakasoma wanavyojua kusoma: boti ya Chundwa haisaidii, mafuta yanapotea bure. Wakaitisha kikao.

Niliogopa, na nina sababu. Mimba ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa kabla ya boti hizi. Uchungu ulimshika bahari imekupwa, maji yametoka, na Chundwa maji yakitoka, chombo hakipiti kwenye mkono wa bahari. Wakangoja yajae. Yalipojaa wakatafuta injini, walipopata injini wakatafuta mafuta. Mtoto alifika Amu amekwisha kufa. Mdogo wangu hakulia mbele yangu, aliniuliza tu kama nimekula. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na boti ikiwa pale kijijini, na nahodha wake, na mafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nimechora kitu cha kuiondoa.

Nilipotulia nikampigia tena. Nikamtaka radhi, kisha nikamuuliza, "Boti yenu ilikuja lini hasa?"

"Ya kweli au ya picha?"

"Ala! Ziko mbili?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, siku ya utepe ilikuya boti, mgeni rasmi akakata utepe, akapigwa picha, akala biriani, na boti ikarudi ilikotoka. Ilikuwa ya Matondoni ile. Jina wamelifunika na kitambaa. Yetu imekuya baada ya Idi."

Nikaanza kupiga simu. Nesi wa zahanati ya Mkokoni akaniambia lao, nalo lilikuwa kinyume. Boti yao ilikuwa ikibeba wagonjwa zamani, mgeni rasmi ndiye aliyekuwa akiahirisha. Alipopata nafasi, boti ilikuwa imechubuka na kujaa matope, haifai kwa picha. Basi ikaletwa ile ile ya Matondoni, ambayo bado iling'aa. Boti moja, imezinduliwa mara tatu, na mara zote tatu imepigiwa vigelegele! Lahaula! Hapa kwetu kitu hakijawa mpaka kikatwe utepe, na kikishakatwa utepe kimekuwa, kiwepo kisiwepo. Nilitembea chumbani nikisema peke yangu mpaka mamangu akauliza kutoka chini nagombana na nani.

Nikabadilisha tarehe, nikaupeleka msimbo kwa msimamizi, nikaona jambo limekwisha. Akaniandikia swali moja: "Tarehe hizi umezibadilisha kabla ya kuuona mchoro, au baada?"

Damu ilinichemka. Nilimwandikia majibu nikayafuta, nikaandika mengine makali zaidi nikayafuta hayo pia. Mtu hajui Chundwa iko wapi, hajui maji yakitoka huwa vipi, ananiuliza kama nimechakachua! Nikaenda kunywa maji, nikarudi, na swali lilikuwa lingali pale pale. Na jibu lake, nipende nisipende, lilikuwa: baada. Tena nilizitafuta tarehe hizo kwa sababu sikuupenda mchoro. Kama mchoro wa kwanza ungesema boti inasaidia, ningempigia nesi wa Mkokoni? Wallahi, nisingempigia.

Nikamwandikia hivyo hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba hanishuku, ila anataka msimbo wetu umlazimishe kila mtu kutaja tarehe imetoka kwa nani, na kwa kanuni gani. Tukakubaliana kanuni: sifuri ni siku ambayo mgonjwa wa kwanza angeweza kupandishwa botini, si siku ya sherehe. Vijiji vyote viulizwe swali moja, na mwenye kuuliza awe mtu ambaye hajauona mchoro. Nikamwomba mkunga mmoja wa hospitali, akauliza, akaniletea. Nikaingiza tarehe zake, nikaanzisha programu, nikafumba macho.

Matondoni haikubadilika. Mkokoni ilinyooka, kabla zimelala, baada zimepanda, raha kutazama. Chundwa, nukta zilikuwa zimepanda, lakini fimbo! Fimbo ndefu, kila moja imevuka mstari. Kijiji ni kidogo, miezi tangu boti ya kweli ifike ni michache, na wanaozaa kwa mwezi si wengi. Mchoro haukusema tena kwamba boti haisaidii. Ulisema haujui.

Nilimpelekea mwenyekiti, naye akanipigia papo hapo. "Mwanangu, kazi nzuri. Sasa zitoe hizo fimbo. Zawatatiza watu. Nukta zimepanda, basi, tuonyeshe nukta."

"Ami," nikasema, kama nimwitavyo kwa heshima ya babangu, "bila fimbo mchoro utadanganya."

"Utadanganya nini? Wewe mwenyewe waamini boti yasaidia au huamini?"

"Naamini."

"Basi?"

Yeye naye alitaka Chundwa ibaki na boti. Hakuwa mtu mbaya. Na kuzitoa ilikuwa kazi ya neno moja, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeweka chaguo hilo katika msimbo, kwa ajili ya wanaotaka picha safi. Neno moja, na mdogo wangu angezaa akiwa na boti mlangoni. Niliandika neno lile. Nilitazama mchoro usio na fimbo, ulivyopendeza. Watu nisiowajua wangetumia msimbo huu kuamua nani apewe dawa na nani anyimwe, na mimi wa kwanza kuutumia nimekwisha kuficha shaka kwa ajili ya ndugu yangu. Nikalifuta lile neno. Nilimchukia kila mtu siku ile, nikianza na nafsi yangu.

Kikao kilifanyika Amu. Wanawake wa Chundwa walikuja, na mdogo wangu akiwa miongoni mwao, ameketi nyuma, mikono juu ya tumbo. Hakunitazama. Nilieleza habari za utepe, watu wakacheka, hata mwakilishi wa wafadhili alitabasamu kidogo. Kisha akauliza, "Kwa kifupi, Bi, boti ya Chundwa inasaidia au haisaidii?"

Nilipiga moyo konde. "Sijui. Takwimu hazijatosha. Ipeni muda."

"Mafuta yanalipwa penye ushahidi."

"Nimesema sijui, Bwana! Sikusema haisaidii. Hayo ni mambo mawili!"

"Kwetu ni mamoja," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Akafunga kompyuta yake. Boti ya Chundwa ikaamuliwa irudishwe.

Mdogo wangu nilimkuta kwenye ngazi, ameshika ukuta, anahema. "Miaka yote hiyo ya kusoma, dada, kuya kusema hujui."

"Ulitaka niseme nini?"

"Ungenitaja mimi."

Nilimshika mkono tukashuka, na alikubali mkono wangu kwa sababu ngazi zilikuwa na unyevu.

Hakurudi Chundwa kukaa. Alikwenda kuchukua nguo zake, akahamia kwetu, na mumewe akabaki na shamba. Si yeye peke yake. Kila mja mzito wa Chundwa aliyekuwa na shangazi, halati au binamu Amu, alifunga mzigo akaja mapema, maana nani angengoja uchungu kule bila boti? Nyumba za jamaa zikajaa. Siku zake zilipotimia, tulikwenda hospitali kwa miguu, polepole, akisimama kila uchungu ulipomkaza, akinifinya mkono mpaka mifupa ikauma. Alizaa salama, alhamdulillahi, mtoto wa kike. Nililia mbele ya manesi bila haya.

Alikuwa bado ndani ya arubaini yake mwenyekiti aliponipigia mchana mmoja. Sauti yake ilikuwa imechangamka. Wafadhili walitaka mchoro mwingine: sifuri iwe mwezi boti ilipoondoka Chundwa. Msimbo wangu ulikuwa umekwisha kupokewa katika maktaba, nikautumia kama mtu mwingine yeyote, na haukukwama popote. Kabla ya sifuri, miezi ile ya boti ya kweli, nukta zilikwenda sawa. Baada ya sifuri zikaruka juu sana, na safari hii fimbo hazikuugusa mstari. Nikampelekea na fimbo zake zote, nikasubiri.

"Umeona?" akasema. "Boti imeondoka na wanaozalia hospitali wamezidi! Hawa wafadhili wasema kumbe boti ilikuwa ikiwafanya watu wabweteke. Ni hivyo?"

Niliingia chumba cha pili, mtoto alipokuwa akililia ziwa, nikaiweka simu karibu na mdomo wake. Nikamwacha mwenyekiti asikie.

"Nukta yako hiyo, Ami," nikasema. "Mamake alihama kwake kwa kuwa hakuna boti. Na wenzake vivyo hivyo, wale wenye jamaa Amu. Jirani yake hakuwa na mtu huku. Alishikwa na uchungu maji yametoka, akangoja yajae. Mtoto amezikwa Chundwa juzi. Hakufika hospitali, kwa hivyo mchoro haumjui."

Nilimsikia mwenyekiti akisema "Inna lillahi" kwa sauti ya chini. Mdogo wangu akanyoosha mkono kutoka kitandani, akaninyang'anya simu.

"Huyo aliyezikwa ni wa kiume, Ami," akasema. "Mwandikeni mahali."