Hariri Alizofua Josette

Josette Perrachon alikuwa fundi wa kufua na kupiga pasi, na katika mtaa wao wa Croix-Rousse, juu ya mji wa Lyon, hapakuwa na doa lililomshinda. Divai, damu, wino, grisi ya mashine za kufumia, vyote alivitoa. Ujana wake wote alijivunia hilo. Maisha yaliyobaki alijilaumu kwa hilo hilo.

Mteja wake mmoja alikuwa mchoraji, mzee Anselme Bourdarias, aliyekaa Hanoi miaka ishirini akarudi na mabegi mawili na namna ya kuchora aliyojifunza huko. Unapaka rangi juu ya hariri, unaiacha ikauke, unaipitisha kwenye maji baridi, kisha unapaka tena. Rangi iliyozidi inaondoka, inayobaki inazama. Watu wa Lyon wamezaliwa kwenye hariri, na wengi walimwambia wazi kwamba anaharibu kitambaa kizuri. Hakuuza kitu, chache aligawa tu. Josette alimfulia mashati bure kwa sababu alimwonea huruma.

Mwaka 1958 macho ya mzee yaliingia ukungu, na mikono ikakosa nguvu ya kuinua beseni. Siku moja alimkabidhi Josette hariri kumi na mbili alizochora.

"Zioshe mara ya mwisho, binti yangu. Ni za Diep."

Diep alikuwa mwanawe, aliyemzaa na mwanamke wa Hanoi. Walikuwa wamegombana, na msichana alikuwa Marseille akisomea uuguzi, barua za babake hajibu.

Sasa, fundi wa kufua ukimwambia aoshe, ataosha. Josette alizitandaza mezani akazitazama moja moja, kwa maana zilikuwa nzuri. Kisha akachemsha maji, akachukua kipande cha sabuni, akasugua kama anavyosugua mashuka ya hoteli. Maji yalipogeuka kijani na kahawia aliridhika, akidhani ndiyo ile rangi iliyozidi. Alipoinua ya mwisho akaiona nyeupe pe, akageuka kuzitazama zile kumi na moja kwenye kamba, zote nyeupe vilevile.

Angeweza kusema. Kosa lenyewe liko hapo, wala si kwenye sabuni. Badala yake alizipiga pasi akampelekea, na mzee akazipapasa kwa vidole.

"Rangi zimekaa?"

"Zimekaa, Bwana."

"Laini namna hii. Una mikono mizuri wewe."

Alimwagiza azifunge kwa uzi mwekundu na kuzituma Marseille. Josette alizipeleka posta mwenyewe, akaandika jina lake nyuma ya kifurushi kama posta walivyotaka. Baada ya wiki mbili mzee alifariki. Binti yake hakuja kumzika.

Ikapita miaka thelathini na minane. Asubuhi moja sokoni, jirani yake Ginette alimpungia gazeti.

"Yule mzee wako wa mashati! Hariri yake moja imeuzwa mnadani Paris faranga laki tisa. Na wewe ulimfulia bure, zuzu we. Angekuachia hata leso moja, leo ungekuwa umeniajiri mimi nikupigie pasi."

Josette alijaribu kucheka. Aliondoka akasahau vitunguu vyake kwa muuzaji.

Mwezi haukuisha, Diep akabisha mlangoni. Nywele zake zilikuwa na mvi, na mkononi alishika karatasi ya kifurushi iliyokunjwa.

"Jina lako liko hapa, Madamu. Wauza picha wananipigia simu kila siku, wanauliza baba aliniachia nini. Nawaambia, vitambaa vitupu kumi na viwili."

"Keti kwanza, mama."

"Sitaki kuketi. Nataka kujua kwa nini alinitumia vile. Mimi nilielewa kwamba hana la kuniambia. Ndiyo maana sikuja kumzika."

Josette alishika ukingo wa meza. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akasimulia yote, beseni, sabuni, pasi, na lile neno alilomjibu mzee.

"Barua moja tu ingetosha," Diep akasema.

"Ingetosha. Niliogopa, na kila mwaka niliogopa zaidi."

Diep alikwenda mlangoni, akashika kitasa, akasimama hapo.

"Zilikuwa picha za nini?"

Mbali na mzee mwenyewe, hakuna mtu mwingine duniani aliyeziona, na Josette hakuwa amesahau hata moja.

"Ya kwanza, mtoto wa kike amechuchumaa anapuliza bakuli la mchuzi. Ya pili, amelala kwenye mkeka, mguu umetoka nje ya chandarua. Ya tatu anachanwa nywele, amenuna."

"Mtoto gani?"

"Ana kovu hapa." Josette akagusa kidevu chake. Diep naye alikuwa ameshainua mkono kwenye cha kwake.

"Zote?"

"Zote. Nilikufua mara kumi na mbili."

Diep hakulia wala hakumwambia amemsamehe. Aliacha kitasa, akavuta kiti, akaketi.

"Ya nne," akasema.