Shuka za Shangazi Kwenye Picha ya Setilaiti

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, lakini shangazi yangu ameshaitangaza mtaani kwake, Mabela nzima, basi bora mwisikie kwangu, na atakayecheka asinitazame usoni, hasira bado ninazo.

Kazi yangu ni kuipangia ratiba setilaiti: ikipita juu ya Maskati ipige picha gani, igeukie wapi (ina dakika chache tu, ikishapita imepita). Siku hiyo nimeachiwa ratiba peke yangu kwa mara ya kwanza, kesho yake wageni wanakuja kuamua kama watatupa kazi yao, wanataka picha moja tu ya pwani ya Sidab, na nikifaulu ukuu wa kitengo ni wangu. Ndipo shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, kesho nna harusi ya binti yangu Raya. Hicho chombo chenu kitupige na sisi japo picha moja. Au mimi si mtu?"

Ningesema hapana, yangeisha. Lakini kwetu nani anamwambia hapana dada wa baba yake? Nikaichomeka Mabela kabla ya Sidab, kompyuta ikanionya kwa maandishi mekundu kwamba setilaiti haitapata muda wa kugeuka na kutulia kabla ya Sidab, na mimi, mjuaji, nikaipuuza.

Wageni wamekaa, kahawa imemiminwa, Sidab ikafunguka kwenye skrini kubwa: picha imetikisika, ukungu mtupu. Mkuu wangu, kwa kuhangaika, akafungua iliyotangulia. Mabela hiyo, safi kabisa! Hema, magari, na juu ya paa moja mabaka meupe.

"Muhandis," mkuu akauliza taratibu, "hivi vyeupe ni nini?"

"Shuka za shangazi yangu," nikasema. (Alizitandaza ili setilaiti isipotee njia. Wallahi!)

Wageni walicheka, wakaaga kwa adabu, hawakurudi. Ukuu akapewa binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Jioni shangazi akapiga: picha niliyomtumia ameiona, ila nyuso hazionekani, siku ya walima niiambie setilaiti ishuke kidogo. Nikamkatia simu, mara ya kwanza maishani mwangu, na haikupita nusu saa baba akanipigia kunigombeza, nikaenda Mabela kumwomba radhi. Mimi! Niliyepoteza cheo ndiye niliyeomba radhi!

Basi naapa, sitaigeuza tena setilaiti kwa ajili ya ndugu, hata akiniomba baba mwenyewe. Anayetaka picha ya harusi akodi mpiga picha.