Vifo Nilivyovihesabu Bila Kuuliza

Ninaikumbuka asubuhi moja nilipoteremka kutoka kwetu Kamachumu, mlimani, kwenda mwaloni, ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, madodoso kwapani na kiburi cha mwaka wa tatu wa chuo kikuu kichwani. Ilikuwa miaka ile mibaya, mwanangu. Vita vilikuwa vimepita na kutuachia kuta zenye matundu, kisha ukimwi ukaingia na kuacha nyumba nyingine bila watu.

Daktari mmoja alikuwa amenipa kazi ya likizo. Pale mwaloni wanawake walibanika sangara kwenye matanuri yaliyojipanga ufukweni, na upepo wa ziwa ulisukuma moshi juu ya nyumba mchana kutwa, mwaka nenda mwaka rudi. Walikohoa hata wasiogusa samaki. Daktari alitaka kujua kama watu wa pale wanakufa mapema kuliko sisi wa mlimani. Moshi wa jikoni tulikuwa nao sote. Wa matanuri walikuwa nao wao peke yao. Aliahidi kwamba tofauti ikionekana, atamwomba mwenyekiti wa kijiji matanuri yahamishiwe kwenye ncha ya mchanga, mbali na nyumba.

Mimi sikuamini. Siku zile sikuamini kitu. Niliona familia zinaficha ukimwi kwa kutaja malaria, kifua au kurogwa. Basi nikajitungia kanuni: aliyekufa kabla ya miaka hamsini, namwandika ukimwi, naendelea na nyumba inayofuata. Nilijiona mwerevu sana.

Wavuvi wa kuja walinitania. "Msomi, leo unahesabu maiti au sangara?"

"Chekeni tu. Zamu yenu ipo."

Ndivyo nilivyojibu, mwanangu. Mpaka leo natamani kuirudisha kauli ile kinywani.

Nikafika kwa Mzee Byabato, aliyekuwa amemzika Koku, mke wa mwanawe. Uani, Adela, mdogo wake Koku, alikuwa akiosha samaki kabla ya kuwapeleka kwenye tanuri alilorithi kwa dada yake. Kila alipoinama alikohoa.

"Poleni na msiba, waitu," nikasema, kwa neno la heshima la kwetu. "Marehemu alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

Nikaandika, nikafunga dodoso.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Mtu ameishi miaka thelathini na sita, wewe umemmaliza kwa swali moja?"

Nikamweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba vifo vya umri ule sababu yake inajulikana. Hakukasirika. Alinisogezea kigoda.

"Keti, binti yangu. Labda ulichoandika ni kweli. Mimi si daktari. Lakini hukuniuliza alikohoa miaka mingapi. Ni saba. Hukuniuliza kama aliharisha, kama alikuwa na vidonda. Mume wake yule pale anashona nyavu, mzima. Na huyu Adela hakuwa na kikohozi kabla ya kushika tanuri. Kalamu yako ikishasema wote ni ukimwi, nani atahangaika na moshi? Huyu bado yu hai, unamwona?"

Adela alidakia kutoka uani: "Dada, andika unavyotaka, ila fanya haraka. Kifua changu hakijui habari za likizo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mwimo wa mlango mpaka kikapita.

Nilimpelekea daktari aibu yangu. "Ukimwi upo mwaloni, tena sana," aliniambia. "Na kuhusu Koku hatutajua kwa hakika kamwe. Moshi hauachi jina lake juu ya maiti. Lakini tukiwauliza wote maswali yaleyale, mwaloni na mlimani, tunaweza kukadiria ni wangapi wangekuwa bado wanaishi kama wangevuta hewa ya mlimani. Wewe umeamua jibu kabla ya kuuliza."

Nikarudia nyumba zote, nikianza kwa Mzee Byabato kumwomba radhi. Kazi hiyo ilimeza likizo nzima. Wengine walinifungia mlango, na walikuwa na haki. Tofauti ilionekana. Haikuwa kubwa kama nilivyotaka, maana kwa kuona haya nilikuwa sasa nataka moshi uwe umeua kila mtu. Daktari aliandika makadirio, akaandika na mashaka yake pembeni. Mwenyekiti alitosheka. Matanuri yakahamishwa kabla ya mvua.

Adela aliendelea kubanika samaki, na kikohozi hakikumwacha kabisa. Ila jioni ya kwanza baada ya matanuri kuhamishwa aliingia chumba walimolala watoto wa Koku, akang'oa matambara yaliyoziba dirisha tangu nyumba ijengwe, akaliacha wazi.

Mwanangu, usiache kuhoji, nami sijaacha. Lakini shaka yako ianze na kanuni uliyojitungia mwenyewe. Ukishika orodha ya wafu, kaa chini, uliza mpaka mwisho, kwa kuwa yupo aliye hai anayengoja utakachoandika. Usiseme unajua pale unapokadiria, wala usikatae kukadiria eti kwa sababu hujui yote. Mungu akujalie kifua chepesi, akupe subira ya kusikia jibu usilolitarajia, na nyumba utakazoingia zikufungulie tena.