Nywele za Bi Zainabu

Bi Zainabu, jirani yetu hapa Likombe, ni mjane wa mchonga mapiko, vile vinyago vya kuvaa kichwani vinavyochezwa wakati wa jando. Mwanamke hulitazama lipiko kwa mbali tu, na husema ni mzuka. Miguu ya huo mzuka tunaijua, ni ya Jafari fundi baiskeli, lakini likitokea tunakimbia na kupiga kelele. Ndiyo adabu.

Mwezi uliopita jumba la sanaa la taifa, Dar es Salaam, likaleta barua: lipiko la mwisho la marehemu limewekwa ukutani, mjane na ndugu waje kuliona. Wazee wakafanya vikao vitatu. Cha kwanza wakachagua mwenyekiti, Mzee Selemani. Cha pili wakapanga sare. Cha tatu wakakumbuka kwamba kuna mjane.

"Wewe utabaki, dada," akasema Mzee Selemani. "Mwanamke akilisogelea lipiko, tumbo linafunga."

"Nina miaka sitini na sita, kaka. Tumbo gani hilo mnalolilinda?"

Nikajifanya namnyonyesha mwanangu, nisicheke.

"Mila ni mila."

"Na wasichana wa shule wanaopiga nalo picha huko Dar, wao matumbo yao ni ya plastiki?"

Mzee Selemani akaomba barua isomwe tena.

Mimi Bi Zainabu alikwisha kuninong'oneza sababu yake. Mwaka ule mumewe alipougua alimnyoa, eti anamtoa chawa. Chawa hakuwa nao. "Nywele zangu ndizo zilizo kichwani pa lipiko lile. Nataka nione alizipanda vipi." Basi, hilo tu.

Kwa kuwa barua ilimtaja mjane kwa jina, wazee wakaogopa kurudishwa mlangoni na sare zao. Wakaamua: aende, ila mbele ya lipiko ajifunike uso. Akakubali upesi. Mzee Selemani akatembea siku nzima kama aliyeshinda kesi.

Jana Bi Zainabu akaniita. Alikuwa na mtandio mweusi kutoka dukani kwa Roshan.

"Jifunike uso, mwanangu, uniambie."

Nikajifunika. Nikawaona kuku uani. Nikamwona Mzee Selemani akipita njiani na sare mpya, kifungo kimoja hakijafungwa.

"Vipi?"

"Giza tupu, Bibi."

"Huu ndio wenyewe," akasema, akaukunja vizuri na kuutia mkobani.