Uzito wa Nyamizi

Asubuhi ile Milembe alipomwangusha mama yake, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya Ngulyati. Alikuwa amemshika makwapani amtoe kitandani akaote jua. Kiuno kikamchoma, mikono ikafunguka yenyewe, na Nyamizi akateleza mpaka sakafuni taratibu, kama kanga inavyoteleza kwenye kamba. Hakuumia. Akamtazama mwanawe kutoka chini, kisha akatoa neno moja. Tangu apooze upande mmoja maneno yake yalikuwa yanatoka yamesagika, na katika dunia nzima ni Milembe tu aliyeyaelewa.

"Pole," mama alikuwa amesema.

Masunga, mume wa Milembe, alikuwa nje, hatua kumi kutoka mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupakia magunia, na aliweza kubeba kilo mia huku anapiga mluzi. Lakini Nyamizi alikuwa mama mkwe wake. Mama mkwe hashikwi. Hata njiani ukimwona mbele, unaiacha njia ukapita majanini. Basi akasimama pale, ameigeuzia nyumba mgongo, mikono yake mikubwa ikining'inia bila kazi.

"Milembe! Kuna nini?"

"Niitie Generoza!"

Generoza alikuwa jirani. Tangu siku hiyo wakawa wanamtoa Nyamizi wawili, mmoja mabegani, mwingine miguuni. Milembe akajiapiza kwamba hatamgusa mama peke yake tena mpaka awe na hakika na mikono yake.

Habari zikafika Sola, kwa kaka yake Bujiku, naye akaja kwa baiskeli, shati limelowa jasho.

"Kwangu kuna wake wawili na vijana wanne," alisema. "Mayu, mama yetu, atabebwa mpaka achoke kubebwa. Wewe unamtegemea Generoza, na Generoza anahamia Nkoma na mumewe, pamba ikiisha. Nitakuja siku hiyo hiyo na gari. Nikikuta unaweza kumnyanyua mwenyewe, namwacha. Usipoweza, nakwenda naye."

Alipoondoka, Nyamizi aligeuzia uso ukutani. "Kule nitakuwa bubu," alisema.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani zao, ghala la chama cha msingi cha ushirika alikofanya kazi Masunga likafungwa, naye akawa anampakilia tajiri yeyote aliyemwita. Siku nyingine haitwi. Siku kama hizo alikaa uani, na ndipo Milembe alipomwendea.

"Nifundishe kunyanyua."

Masunga alidhani utani. Alipoona hacheki, akauliza, "Kunyanyua nini?"

"Hospitali ya Bariadi walimpima mwezi wa kwanza. Kilo sitini na moja."

Masunga akatazama pembeni, asije akaonekana anauzungumzia mwili wa mama mkwe. "Mzigo wa kilo sitini na moja," alisema polepole, "ni debe tatu na nusu za mahindi."

Wakaanza na debe moja, ndani ya gunia kuukuu, juu ya benchi fupi lenye kimo cha kitanda. Masunga alisimama kando, kijiti mkononi, mkali kama mnyapara.

"Kunja magoti. Mgongo wima. Usilivute kwako, wewe lifuate. Likumbatie. Sasa simama kwa mapaja."

"Linateleza!"

"Halitelezi. Wewe unalionea aibu."

Generoza alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. "Shoga, unajiandaa kumpiga mumeo? Niambie mapema, nije na kigoda nikae vizuri."

"Nitaanza na wewe, usijali."

Kila asubuhi, kabla ya jua, Milembe alinyanyua. Akazunguka ua mara tano, kisha mara kumi. Kila wiki ya pili Masunga aliongeza robo debe. Mwanzoni alifanya kwa ajili ya mama tu. Baadaye kukawa na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Katika ile saa ya kijivu, gunia kifuani, pumzi ikienda na kurudi, hakuna aliyemwita mke wala mama wala dada. Pamba ilikuwa imepasuka kote, nyeupe mpaka mbali, na alipozunguka ilionekana kama ni shamba linalotembea, yeye amesimama. Alihisi mapaja yake yakiwa mazito na mapya, kama amekopeshwa mwili wa mtu mwingine akaambiwa akae nao. Siku ambazo mvua ilimzuia, alishinda akiwa na huzuni asiyojua ameitoa wapi.

Mwezi wa nane gunia lilitimia debe tatu na nusu. Alizunguka nalo ua mzima. Masunga akatupa kijiti chake.

Generoza aliondoka alfajiri juu ya trekta, magodoro yamefungwa nyuma. Saa tatu Bujiku akafika na gari la kukodi.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama, kisha akamgeukia dada yake. "Haya. Tuone."

Milembe akainama kitandani. Akakunja magoti, akapitisha mikono, akakumbatia, na akasimama kwa nguvu zake zote za miezi mitano, nguvu za kilo sitini na moja.

Mama akaja juu kama mto wa sufi. Milembe akapepesuka nyuma, bega likagonga ukuta.

"Polepole!" Bujiku akacheka. "Ulitaka kumtoa kupitia darini?"

Milembe hakucheka. Alisimama hapo hapo, akihisi mbavu moja moja kupitia kanga. Miezi yote hiyo alikuwa akiongeza mahindi upande mmoja, na upande mwingine mama alikuwa akipungua, kidogo kidogo, katikati ya mikono ya watu wawili, bila yeyote kujua.

Nyamizi akasogeza mdomo sikioni mwake. "Umekuwa na nguvu, mwanangu."

"Amesema nini?" Bujiku aliuliza.

Milembe akamkaza mama kifuani. "Amesema hasafiri."

Bujiku alimtazama mama, akamtazama dada, akakuna kichwa. Kisha akatoka kwenda kushusha gunia la mchele alilokuwa ameleta iwapo mama atabaki.

Milembe akatoka na mama mikononi. Masunga, alipowaona, aliruka nje ya njia akageuka kuutazama ukuta wa jiko. Walipita kiti alichowekewa mama juani, wakauvuka ua, wakaingia shambani, katikati ya mabua ya pamba iliyokwisha kuvunwa.

"Utachoka," mama alisema.

Milembe aliendelea kutembea. Alikuwa anaisubiri mikono yake ichoke, na haikuchoka.