Breki ya Mkono wa Kulia

Mzee Spoki hakuwa mzee. Alianza kuitwa hivyo akiwa na miaka thelathini tu, kwa sababu ya nywele zilizomkimbia mapema, na kwa ile tabia yake ya kugonga spoki za kila gurudumu kwa ukucha na kusikiliza zinavyolia, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Alikuwa fundi wa timu ya mbio za baiskeli, na si timu ya kubahatisha. Walikuwa na basi, magari mawili, kocha anayepiga kelele, daktari asiyesema kitu, na wapanda baiskeli wanane waliokula kuliko ukoo mzima. Kila mwaka walishiriki mashindano makubwa ya siku nane, kila siku kilomita mia na ushee, kupanda milima na kuishuka.

Kushuka ndiko kulikomtia Mzee Spoki tumbo joto. Tuseme ukweli, wala asituchukie: alikuwa mwoga wa mteremko. Akitaka kuijaribu baiskeli aliipeleka tambarare, na penye kilima alishuka akaikokota, akisingizia kwamba anausikiliza mnyororo. Na Mungu si Athumani, kati ya wapanda baiskeli wote akapangiwa kumhudumia Kipanga.

Huyu Kipanga kwenye kupanda mlima alikuwa wa kawaida kabisa, wenzake walimwacha anahema. Lakini wakishafika kileleni, hapo sasa. Aliinama mpaka kidevu kikakaribia usukani, akajiachia. Kona ambazo wengine waliziingia kwa adabu, yeye aliziingia kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maziwa jikoni. Watu waliacha kazi zao wakakaa mbele ya televisheni kumwona akishuka. Mzee Spoki ndiye aliyefumba macho kwenye kiti cha nyuma cha gari la timu, magurudumu ya akiba mapajani.

Sasa Kipanga alikuwa na jambo lake moja. Wenzake wote walishika breki ya mbele kwa mkono wa kushoto na ya nyuma kwa wa kulia. Yeye alikuwa kinyume, kwa kuwa kabla hajapanda baiskeli ya mashindano alijifunzia pikipiki ya baba yake, na pikipiki breki yake ya mbele iko kulia. Ndiyo maana baiskeli zake zote Mzee Spoki alizifungia utepe mwekundu upande wa kulia wa usukani. Alikuwa haufungi utepe ule mpaka ameminya breki ya kulia na kuona kwa macho yake gurudumu la mbele linakamatwa. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, Kipanga aliugusa utepe kwa kidole.

"Umefunga, fundi?"

"Nimefunga, mdogo wangu."

Basi, hayo tu. Hawakuwa na mazungumzo mengine marefu, na hawakuyahitaji.

Mwaka tunaousema, siku ya tano ya mashindano, nahodha wa timu alianguka na fremu ya baiskeli yake ikapasuka. Kwa kuwa alilingana urefu na Kipanga, akapewa baiskeli ya akiba ya Kipanga amalizie. Mzee Spoki akahamisha waya za breki zikae kama nahodha alivyozoea, akaubandua utepe. Asubuhi ya siku ya sita baiskeli mpya ya nahodha ikafika, ile ya akiba ikarudi kwa mwenyewe. Fundi akapandisha kiti kidogo, akabadilisha pedali, akabandika jina. Kocha alikuwa anamwita, dereva wa basi anapiga honi. Mzee Spoki akachukua utepe mwekundu, akauzungusha mara tatu upande wa kulia, akaukata kwa meno, akaipandisha baiskeli juu ya gari.

Breki hakuiminya. Waya zilibaki kama za nahodha.

Mchana wa siku hiyo, mita mia tano kabla ya kilele, gia za baiskeli ya Kipanga zilivunjika. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mzee Spoki aliruka garini, akashusha ile ya akiba, akamshikilia Kipanga kiunoni apande. Kipanga akauona utepe, akaugusa kwa kidole kama kawaida yake.

"Umefunga?"

"Nimefunga! Nenda!" Akamsukuma.

Kwenye kona sita za mwanzo Kipanga aliminya breki zote mbili pamoja, kwa hiyo hakuhisi tofauti. Aliwapita watu wanne. Mtangazaji alikuwa anapayuka kwenye redio ya gari mpaka sauti inakatika. Kona ya saba ilikuwa imelowa, na Kipanga akataka kupunguza mwendo kwa breki ya nyuma peke yake, kidogo tu, kwa mkono wa kushoto kama alivyofanya maisha yake yote. Gurudumu la mbele likafunga. Gari la timu lilipofika, baiskeli ilikuwa upande huu wa ukingo wa barabara na mwenyewe alikuwa upande wa pili, chini, kwenye mawe.

Nyonga ilivunjika, mfupa wa bega ukavunjika, na kifundo cha mkono wa kulia kikasagika.

Saa kumi jioni Mzee Spoki aliitundika baiskeli ile kwenye stendi yake, nyuma ya hoteli, aioshe matope. Akaminya breki ya kulia. Gurudumu la nyuma likakamatwa. Akaminya tena, kwa maana mtu huwa haamini mara ya kwanza, na gurudumu la nyuma likakamatwa tena. Akakaa juu ya mfuniko wa ndoo ya maji ya sabuni.

Mpaka hapo, wasomaji wangu, lilikuwa ni kosa. Binadamu hukosea, na fundi aliyeamka saa kumi alfajiri siku sita mfululizo anaweza kusamehewa mengi. Lililofuata halikuwa kosa. Mkaguzi wa mashindano alikuwa anakuja saa kumi na moja kuiangalia baiskeli. Mzee Spoki akainuka kwenye ndoo, akachukua koleo na spana, akahamisha waya. Kazi ile huchukua dakika ishirini. Siku hiyo aliimaliza kwa kumi na mbili. Mkaguzi akaja, akaminya, akaandika kwamba breki ni nzima na mwanguko umetokana na mpanda baiskeli mwenyewe, akamwomba fundi atie sahihi. Akatia.

Kocha naye akasema kwenye televisheni kwamba ushujaa bila akili ni ujinga. Watu wale wale walioacha kazi zao kumtazama Kipanga wakaanza kumwita Kuku. Ndivyo watu tulivyo, tukichoka kushangilia tunacheka.

Siku ya tatu baada ya ajali Mzee Spoki alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Kipanga alikuwa amefungwa plasta mpaka shingoni.

"Fundi, mkono wangu umenichanganya," alisema. "Nilidhani nimeshika ya nyuma, kumbe nimeshika ya mbele. Mimi, mtu mzima, nimesahau mkono upi ni upi."

"Pole, mdogo wangu," alijibu Mzee Spoki, akaweka machungwa mezani. Alipotoka nje ya wadi aliona aibu hata kumwuliza mlinzi njia ya kutokea, akazunguka jengo mara mbili.

Msimu ulipoisha aliacha timu. Akafungua karakana kwenye mtaa wa mteremko, karibu na kituo cha mafuta, akawa anaziba pancha za wanafunzi na za wauza mkate. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma ya karakana. Aligundua kwamba mbio za baiskeli zikianza kwenye televisheni mumewe hukumbuka ghafla kufagia uani.

"Uani hapa sasa panaweza kuliwa chakula bila sahani," alimwambia siku moja. "Kuna nini kwenye hizo mbio, baba watoto?"

"Vumbi," alisema, akaendelea kufagia.

Ikapita miaka tisa namna hiyo. Utepe mwekundu ulibaki kwenye rafu, mzima, haujaguswa, umejaa vumbi.

Jumanne moja asubuhi mtu akaingia karakana akikokota baiskeli kuukuu, anachechemea. Mzee Spoki alimjua kabla hajainua uso, maana fundi humjua mtu wake kwa mabega. Kipanga alikuwa amenenepa. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha rangi, na kucha zake zilikuwa za bluu.

"Nimekutafuta wewe, kaka!" alisema akicheka. "Daktari anasema nyonga inataka kupiga pedali. Nikasema kama ni kupanda tena, baiskeli hii haishikwi na fundi mwingine. Unajua wewe ndiye mtu pekee wa timu uliyekuja hospitali ukanipa pole tu? Wengine wote walikuja kuniuliza maswali."

Mzee Spoki alijishughulisha na kuitundika baiskeli kwenye stendi.

"Nyumbani hawajambo?"

"Mama hajambo. Mzee wangu alitutoka mwaka jana."

"Pole sana. Sikusikia."

"Tumeshapoa. Unamkumbuka alivyokuwa? Dereva wa lori miaka thelathini, hajagonga hata mbuzi. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akinitania mbele ya wageni. 'Huyu mwanangu nilimfundisha breki mwenyewe, na akasahau mkono wake.' Wageni wanacheka, na mimi nacheka." Kipanga akapangusa kiti cha baiskeli kwa kiganja. "Sasa sikiliza. Breki ya mbele niwekee kushoto, kama watu wote. Huu mkono wa kulia siuamini tena. Hata kikombe cha chai nashika kwa kushoto, siku hizi nimezoea."

Cherehani chumba cha nyuma ilikuwa inalia tararara. Mzee Spoki alikuwa ameshika spana namba nane, na kwa miaka tisa alikuwa amejiambia kwamba jambo lile limeshapita, kwamba nyonga imeunga, kwamba mtu ameshapata kazi nyingine, kwamba kufukua ni kumwumiza bure. Habari ya kikombe cha chai hakuijua. Aliona aibu mpaka ikamwuma kifuani kama mtu aliyemeza kipande cha mfupa. Akaiweka spana chini.

"Mkono wako haukusahau kitu," alisema.

"Unasemaje?"

"Waya zilikuwa za nahodha. Nilifunga utepe bila kuminya breki. Ulishika ya nyuma kweli, mdogo wangu, ila mimi nilikuwa nimeweka ya mbele hapo."

Kipanga alimtazama huku kicheko cha mwanzo kikiwa bado hakijamwisha usoni. "Mkaguzi aliiangalia. Alisema ni nzima."

"Nilizihamisha kabla hajafika. Nilikaa kwenye ndoo, halafu nikainuka nikazihamisha. Na sahihi nikaweka."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Kipanga alivuta kisanduku cha vifaa, akakikalia, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Rudia."

Mzee Spoki akarudia yote, tangu kuanguka kwa nahodha hadi kwenye machungwa. Hakujitetea kwa usingizi wala kwa honi ya basi. Alipomaliza alitaka kusema nisamehe, lakini neno lile aliliona dogo kiasi kwamba aliona haya kulitoa.

"Kwa hiyo siku ile uliponiletea machungwa," Kipanga alisema polepole, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakwambia mkono wangu umenichanganya, na wewe ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Kuanguka, kaka, kuanguka mimi ningekusamehe pale pale kitandani. Nimeanguka mara ngapi? Lakini hii." Akaunyanyua mkono wake wa kulia, akautazama kama umeletwa na mtu mwingine. "Mimi nimekaa miaka tisa na huu mkono tumenuniana."

Akasimama. Mzee Spoki akaishika spana aanze kazi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Weka chini. Nitafunga mwenyewe."

Akafunga. Vidole vya bluu vilikuwa vizito na vimepoteza uzoefu, waya ukamchoma mara mbili. Mzee Spoki alisimama kando mikono nyuma, akaona nati moja haijakazwa vizuri, na hakuwa na uso wa kumwelekeza yule mtu juu ya breki. Alihangaika nafsini weee, mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Ile ya juu, nusu mzunguko tena." Kipanga hakumwangalia, lakini akaikaza. Akaminya breki ya kulia mara tatu. Gurudumu la mbele likakamatwa mara tatu.

Akaitoa baiskeli nje, akapanda kwa shida, akajiachia kwenye mteremko wa mtaa. Mzee Spoki alisimama mlangoni na safari hii hakufumba macho. Kipanga aliinama. Kidevu hakikufika kwenye usukani, tumbo lilizuia, lakini aliinama, akampita muuza mkate, akaikata kona ya kituo cha mafuta kwa namna ambayo muuza mkate yule aligeuka na kutukana. Kisha akaminya, kwa mkono wa kulia, na baiskeli ikasimama pale alipotaka isimame.

Alirudi akiikokota, jasho linamtoka, macho mekundu. Mke wa fundi alikuwa ameshatoka, amesimama nyuma ya mumewe na uzi bado uko mdomoni. Alikuwa amesikia yote.

"Jumapili mchana uje nyumbani," Kipanga alisema. "Mama atakuwepo, dada zangu watakuwepo, na wale majirani waliokuwa wakicheka nitawaita. Utasema kama ulivyoniambia mimi. Na hiyo ya kuhamisha waya usiiruke."

"Nitakuja."

"Nitakuja naye," alisema mkewe.

Kipanga akageuza baiskeli aondoke. Alipofika ukingoni mwa barabara akasimama, mgongo umewaelekea.

"Hao utawaambia," alisema. "Mzee wangu je?"

Kipanga hakungoja jibu. Alipanda baiskeli yake akashuka mteremko.