Moshi wa Nyumba Tupu

Mama mkwe wangu alikuwa mkali, tena mkali kwelikweli, na mimi nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Wanaousifia mtaa wetu wa kale hapa Songea, na nyumba zake zilizopangana chini ya boma, husifu mafundi. Mafundi gani! Mtaa huu uliokolewa na moshi, na moshi wenyewe aliuanzisha yeye.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Vijijini Wajerumani walichoma nyumba na maghala, njaa ikaingia. Mtaa wetu waliuacha, maana wapagazi na vibarua wao walitoka humo, lakini nyumba nyingi zilibaki bila watu. Wengine walinyongwa, wengine walikimbia. Shemeji yangu, mtoto wake wa kwanza mama mkwe, alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma pamoja na mkewe. Ndipo ikatoka amri bomani: nyumba isiyotoa moshi haina mwenyewe, ivunjwe, nguzo zake zikajenge kambi ya askari. Akida mmoja, mtu wa pwani, akapewa kazi ya kupita kuangalia.

Mama mkwe hakulia wala hakumbembeleza mtu. Alichukua kaa la moto jikoni kwetu, akaenda nyumba ya mwanawe, akawasha moto mafigani na kuinjika chungu cha maji. Kisha akafagia uwanja. Kesho yake hivyo hivyo. Nilidhani huzuni imemzidi. Nikamuuliza anampikia nani. Akaniambia nikalete kuni, maswali hayaivishi ugali. Haukupita muda, wajane wa mtaa nao wakaanza, kila mmoja na nyumba tupu aliyoichagua. Ungesimama bondeni asubuhi ukatazama juu, ungeapa mtaa mzima umejaa watu wanaopika. Tumbo langu lilinguruma kwa njaa, lakini fahari niliyokuwa nayo, we acha tu.

Akida hakuwa mjinga. Siku moja alimwacha askari wake nje, akapiga hodi nyumba ya shemeji, akaingia, akafunua chungu, akaona maji matupu yanachemka. Nyumba ile ingevunjwa, nyingine zote zingefuata. Akauliza chakula kiko wapi. Mama mkwe akamsogezea kigoda, akamwambia unga uko njiani. Akida akaketi, akakunja mikono, akasema atausubiri.

Mama mkwe akanitupia jicho, nami nikatoka mbio. Kila mlango niliobisha nilipewa unga wa ulezi kiganjani, na kila aliyetoa alijua kwake jioni ile watalala njaa. Hakuna aliyeniuliza swali. Niliporudi, wale wajane walinifuata na watoto wao, wakasimama uwanjani. Mama mkwe akasonga ugali mbele ya mgeni wake, akampakulia na chumvi kidogo, kwa kuwa mboga haikuwapo.

Akida aliutazama ugali, kisha akawatazama wale wanawake walivyokonda. Nadhani alielewa yote. Akanawa, akasema bismillahi, akala matonge machache, kilichobaki akakisogeza kwa watoto. Alipotoka nje alimwambia askari wake, "Nyumba hii ina wenyewe. Nimekula humu." Hakurudi tena mtaani kwetu kufunua vyungu.

Moto hatukuuacha. Tuliendelea kuuwasha hata masika mengine yakaja na kwenda. Asubuhi moja mke wa shemeji alirudi peke yake, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa amezikwa huko ng'ambo. Alikuta uwanja umefagiwa. Akaingia kwa woga, akainama, akagusa jivu la mafigani. Lilikuwa la moto. Akatoka haraka, akamuuliza mama mkwe ni nani wanaoishi humu siku hizi, asije akawasumbua wenyewe.

Mama mkwe, yule mkali ambaye sikuwahi kuona chozi lake, aliketi pale pale uwanjani akalia.

"Ninyi," alisema. "Mmekuwa mkiishi humu siku zote."